Sura ya Tano: Tangi Limejaa, Bomba Halitoi

Shangazi yangu wa Tanga hapigi simu usiku bila sababu. Ikilia saa tatu, ama kuna msiba ama kompyuta imemkorofisha, na mara ile nilipokea huku nikiomba iwe hiyo ya pili.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mwanangu, hawa watu wa intaneti wananiibia mchana kweupe."

Mjukuu wake alikuwa ameolewa Muscat siku chache kabla, na wenyewe wakaipandisha harusi nzima YouTube ili ndugu wa huku nao waione. Shangazi akaalika mashoga zake, kahawa ikachemshwa, halua ikakatwa. Kisha bibi harusi akawa anapiga hatua moja, anaganda, anaibukia hatua tatu mbele, anaganda tena. "Nyimbo zinasikika sawasawa," shangazi akaniambia, "ila mtoto mwenyewe anatembea kama ana kwikwi."

Alikuwa ameshanunua kifurushi kikubwa zaidi mara mbili ndani ya wiki hiyo. Kijana wa jirani alimwambia tatizo ni ruta. Fundi mmoja akamwambia kompyuta imechoka, anunue nyingine, tena yeye anayo moja nzuri ya kumuuzia. Dawa zilikuwa nyingi. Kipimo hakikuwepo.

Hali hiyo naikuta karibu kila nyumba. Video ikikwama, lawama ya kwanza huiangukia kampuni ya intaneti kwa sababu ndiyo inayokula pesa kila wiki. Mara nyingi lawama hiyo ni ya haki. Lakini katika maneno ya shangazi mlikuwa na ushahidi wa kuitoa kampuni yake kifungoni, na ushahidi wenyewe ni huu: nyimbo zinasikika, picha inaganda.

Sauti na picha hupita njia ileile. Njia ikiziba, vyote viwili hukauka: picha inasimama, wimbo unakatika, na kale kaduara kanaanza kuzunguka katikati ya kioo. Kaduara maana yake ni "nasubiri kuletewa". Ikiwa sauti inakwenda bila kukatika huku picha ikirukaruka, na kaduara hakaonekani popote, basi mzigo umeshafika nyumbani. Aliyeshindwa ni mpokeaji.

Ukibonyeza video, haiji nzima. Imekwishakatwa vipande vya sekunde chache chache, na kila kipande kimetengenezwa kwa ukubwa mbalimbali, kuanzia picha hafifu hadi ile kali inayoonyesha hadi uzi wa kanga. Apple ilitoa utaratibu wake wa kukata hivyo mwaka 2009, unaitwa HLS. Mwaka 2012 ukatoka mwingine wa kimataifa, DASH. Kivinjari chako huagiza kipande kimoja kimoja, hupima kilivyochukua muda kufika, halafu huamua kijacho kiwe cha ukubwa gani. Vinavyofika kabla ya zamu yao huwekwa akiba. Mkaazi yeyote wa mji wenye mgao wa maji ameshaielewa akiba hiyo: ni simtanki. Maji ya bomba la mtaani yakija kwa kusuasua, wewe unaendelea kuoga, maadamu tangi halijafika chini.

Kuna njia ya kuchungulia ndani ya tangi, na ningependa kila mwenye kompyuta aijue. Video ya YouTube ikiwa inacheza, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya picha, kisha chagua mstari wa mwisho wa orodha inayotokea. Kidirisha cheusi kitafunguka pembeni kikiwa kimejaa namba za kutisha. Usizijali. Tafuta mstari ulioandikwa Buffer Health, na ule ulioandikwa Frames.

"Shangazi, mbele ya Buffer Health pameandikwa ngapi?"

"Arobaini na moja. Hapana, arobaini na mbili."

"Na mbele ya Frames?"

"Namba ndefu. Halafu pana mia sita na kitu... sasa mia saba. Inapanda hii, inakimbia."

Nikacheka, naye akakasirika kidogo. Tangi lake lilikuwa na akiba ya sekunde 42. Intaneti ilikuwa inamletea harusi kwa wingi kuliko alivyoweza kuila. Ile namba iliyokuwa ikikimbia ni idadi ya fremu zilizotupwa, yaani picha ambazo kompyuta ilizipokea ikashindwa kuziandaa kwa wakati, ikaziruka. Tangi limejaa, bomba la jikoni limeziba. Angenunua kifurushi cha tatu, tangi lingejaa zaidi na bibi harusi angeendelea na kwikwi yake.

Kwa nini kompyuta ishindwe na video? Kwa sababu video husafiri ikiwa imekandamizwa, na kuikunjua ni kazi nzito. Lugha inayotumika kukandamiza huitwa kodeki. Iliyoenea kupita zote ni H.264, ya mwaka 2003. Karibu kila kifaa kinachotengenezwa kwa miaka mingi sasa, hata simu ya bei ya chini, kina kijisehemu cha chipu kilichoundwa kwa kazi ya kuikunjua hiyo tu. Baadaye Google wakatoa VP9 mwaka 2013, na mwaka 2018 ikatoka AV1. Hizi hubana zaidi, kwa hiyo hula bando kidogo kwa picha ileile, jambo jema kwa mlipaji. Lakini kompyuta ya zamani haina chipu inayozijua. Kwa upande wa Intel, VP9 ilipata nafasi kamili ndani ya chipu kuanzia kizazi cha 7, na AV1 kuanzia kizazi cha 11 kilichotoka mwaka 2020. Kompyuta nyingi za mezani zinazouzwa kwetu zimetoka kwenye maofisi ya Ulaya baada ya kutumika, na ya shangazi ni ya kizazi cha 3. Ikipewa VP9 inaikunjua kwa nguvu ya mikono, prosesa inafika asilimia 100, feni inavuma kama mashine ya kusaga, na bado haifiki.

Tulichofanya hakikugharimu hata shilingi. Alibonyeza alama ya gurudumu la meno chini ya video akashusha ubora kutoka 1080p hadi 480p. Hapo kuna siri ndogo: video za fremu 60 kwa sekunde YouTube huzitoa kuanzia 720p kwenda juu tu. Ukishuka chini ya hapo unabaki na fremu 30, kwa hiyo mzigo unapungua mara mbili, ukubwa wa picha na wingi wake. Bibi harusi akatembea. Nikasikia vigelegele kwenye simu.

Nilipokwenda Tanga mwezi uliofuata nilimwekea kwenye kivinjari kiendelezi cha aina ya h264ify, ambacho huiambia YouTube kwamba kompyuta hii haijui VP9 wala AV1, iletewe H.264. Tangu siku hiyo anatazama 720p bila shida. Yule fundi bado ana kompyuta yake ya kuuza.

Sasa tugeuze kibao. Ungekuta Buffer Health inashuka hadi sifuri huku fremu zilizotupwa hazipandi, hapo ndipo pa kuigeukia njia. Kwanza hesabu, maana matangazo ya vifurushi yanachanganya watu kwa makusudi au kwa uzembe, sijui. Kasi huuzwa kwa megabiti, faili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Intaneti ya megabiti 10 hushusha megabaiti 1.25 kwa sekunde, si 10. YouTube wenyewe hushauri megabiti 1.1 kwa 480p, 2.5 kwa 720p, 5 kwa 1080p, na 20 kwa ile kubwa ya 4K. Utaona kwamba nyumba ya mtazamaji mmoja haihitaji makubwa. Linaloumiza ni kuyumba: kasi inayofika 20 saa kumi na moja alfajiri na kuanguka hadi 1 saa mbili usiku, mtaa mzima ukiwa mtandaoni.

Kabla hujampigia simu mtoa huduma, chomeka waya kutoka kwenye ruta moja kwa moja hadi kwenye kompyuta ujaribu tena. Waya ukiponya, ugonjwa ni wa Wi-Fi. Katika nyumba za mawe ya matumbawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, zenye kuta pana kama urefu wa mkono, masafa ya gigahazi 5 hayavuki chumba cha pili. Yale ya 2.4 hupenya zaidi lakini hugombaniwa na ruta za majirani wote. Isogeze ruta mlangoni. Usiifiche nyuma ya kabati la vyombo kwa sababu haina sura nzuri.

Na mara nyingine kosa halimo nyumbani kabisa. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ziliharibika upande wa kusini mwa pwani yetu, na intaneti ya Tanzania na majirani zake ikazorota kwa siku kadhaa. Wiki ile nilipigiwa simu na watu waliokwishafuta Windows na kuiweka upya. Walipoteza picha za familia kwa kosa lililokuwa chini ya maji. Ndiyo maana nasema: video ikikwama, jaribu tovuti nyingine mbili, kisha jaribu simu yenye laini ya kampuni tofauti. Dakika 5 tu. Ila usishangae YouTube ikicheza na nyingine zikilala, kwa sababu Google huweka mashine zake za akiba ndani ya kampuni za intaneti hukuhuku, na video inayopendwa huenda haivuki bahari hata kidogo.

Simu ya pili ya shangazi ilihusu redio. Kuna kituo kidogo anachokipenda kwa ajili ya taarabu za zamani, na ukurasa wake una kitufe cha kusikiliza. Kikawa kinabonyezwa, kinabadilika rangi, kimya. Simuni mwa binti yake ile redio ilikuwa ikiimba kupitia programu ya kituo chenyewe. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna kaduara.

Nilikijua kimya hicho. Vituo vidogo vingi hurusha sauti kwa seva za aina ya Shoutcast au Icecast, ambazo anwani zake huanza na http bila ile s ya usalama, na mara nyingi huishia na namba ya mlango kama 8000. Kurasa zao zenyewe zilikwishahamia https. Mwanzoni mwa 2020 Chrome, kuanzia toleo la 80, iliacha kuruhusu ukurasa salama upige sauti kutoka mahali pasipo salama: hujaribu kuigeuza anwani iwe https, na seva isipoitika, basi. Redio ikanyamazishwa na mlinzi wa mlangoni, wala mwenye kituo hakuambiwa.

Dawa ni kumpita mlinzi kwa mlango mwingine. VLC, ile programu ya bure yenye alama ya koni ya barabarani, ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa École Centrale Paris waliotaka kurusha video kwenye mtandao wa bweni lao, na mpaka leo inacheza karibu kila kitu kinachotiririka. Ifungue, bonyeza Ctrl na N, bandika anwani ya redio. Ukurasa ukikupa kijifaili cha m3u au pls, kifungue kwa Notepad: ndani yake hamna muziki, mna mstari wa maandishi wenye anwani unayoitafuta. Kama sauti inakatakata, kwenye dirisha hilohilo kuna kisanduku cha chaguo zaidi chenye namba ya akiba. Kwa kawaida ni milisekunde 1000, yaani sekunde moja tu ya tangi. Andika 5000. Redio itachelewa kidogo kuanza, kisha itatulia.

Redio ina faida nyingine ambayo wanaolia na bando huisahau. Kituo cha kilobiti 128 hula megabaiti 57.6 kwa saa. Video inayotiririka kwa megabiti 2.5 hula zaidi ya gigabaiti 1 katika saa hiyohiyo. Watu wengi huacha video ya muziki ikicheza usiku kucha huku wakitazama ukuta.

Kimya kisicho cha redio kwa kawaida huwa na sababu ndogo za kuudhi. Kichupo kimezimwa sauti. Kiangalie juu kama kina alama ya spika iliyokatwa. Kivinjari kimeianzisha video bila sauti, kwa kuwa tangu 2018 Chrome hairuhusu ukurasa kupayuka wenyewe kabla hujaubonyeza. Au uliichomeka kompyuta kwenye televisheni kwa HDMI, sauti ikahamia huko, na televisheni iko chini kabisa. Bonyeza alama ya spika kona ya kulia uchague sauti itokee wapi. Hedifoni za Bluetooth nazo zikigeuka ghafla kutoa sauti ya simu ya mezani, kuna programu imefungua maikrofoni yake. Ifunge hiyo programu. Na ukikutana na ujumbe wa YouTube usemao Audio renderer error, unaokuamuru uwashe kompyuta upya, chomoa hedifoni uzichomeke tena kwanza. Mara nyingi inatosha, na hakuna anayeamini mpaka aone.

Video isiyofunguka kwenye tovuti moja tu, ifungue katika dirisha la hali fiche. Ikicheza huko, mkosaji ni kiendelezi au vidakuzi vya zamani. Zima viendelezi kimoja kimoja. Kimoja kimoja, nasisitiza. Ukibadilisha vitu vitano kwa pamoja na video ikapona, hujajifunza chochote, na kesho ikiugua utaanza upya. Picha ya kijani au nyeusi yenye sauti safi hutokana mara nyingi na draiva ya kadi ya picha. Ingia kwenye mipangilio ya kivinjari, upande wa mfumo, uzime uongezaji kasi wa maunzi, halafu tafuta draiva mpya. Filamu za kulipia zikiwa nyeusi kwenye projekta tu, hapo kuna ulinzi wa HDCP ambao projekta ya zamani haiufahamu. Hilo halina dawa ya mipangilio.

Onyo moja la ukali. Ukurasa wowote unaokuambia leo usakinishe Flash ili uone video ni wa mwizi. Adobe waliizika Flash tarehe 31 Desemba 2020, na video za siku hizi haziihitaji.

Simu ya tatu ilikuja mwezi wa Ramadhani, baada ya futari. "Safari hii ni kweli imekufa," shangazi akasema. YouTube haifunguki, ukurasa wa redio haufunguki, hata magazeti. Kila anapokwenda anaambiwa muunganisho si salama. Mjukuu alikwishamwambia ni virusi.

"Shangazi, hebu nisomee saa iliyo pembeni ya kioo."

Kimya kidogo. "Inasema saa sita na dakika ishirini."

"Na tarehe?"

"Tarehe mosi Januari. Elfu mbili na... kumi na mbili? Mwanangu, hii mashine ina wazimu."

Haikuwa na wazimu. Ilikuwa imepoteza kumbukumbu. Kila tovuti salama huonyesha cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Septemba 2020 vyeti vipya viliwekewa kikomo cha siku 398, na kikomo hicho kinazidi kufupishwa. Kompyuta inayodhani iko 2012 inavikuta vyeti vyote vimetoka kwenye mwaka ambao haujafika, hivyo inavikataa vyote, mkweli na tapeli pamoja. Windows nayo ikikuta pengo la miaka, mara nyingi hukataa kujisahihisha. Tukaweka tarehe kwa mkono, akapakia ukurasa upya, magazeti yakafunguka.

Asubuhi tarehe ikawa 2012 tena. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna kibetri cha mviringo, kama sarafu, kinachoiendesha saa wakati umeme haupo. Mashine ikiwa imechomekwa ukutani, saa hunyonya umeme wa ukutani hata kama umeizima. Ukichomoa, kibetri ndicho kinachoumia. Nyumba ya shangazi huchomoa kila kitu usiku kwa kuhofia radi na umeme unaorudi kwa kishindo, na siwezi kumlaumu. Ila kibetri chake huzeeka mapema.

Kukibadilisha ni kazi ya dakika 10: chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa mashine, sukuma kishikizo kidogo, kibetri kinaruka chenyewe. Kipya kinaingia upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu. Kimeandikwa CR2032, na huuzwa pia kwa mafundi saa. Nenda nacho kile kilichokufa, mwonyeshe muuzaji, usichukue kinachofanana nacho kwa umbo tu.